Nyumba ya 1924 na rejeta 11 za chuma: nilitaka kuzing'oa zote, nimeng'oa mbili

#1 Kijana wa Pangani

Wakuu, salaam. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu.

Nipo Worcester, Massachusetts, mwaka wa tisa sasa. Mwaka juzi mimi na mke wangu tulinunua nyumba ya mbao iliyojengwa 1924. Vyumba vya chini, vyumba vya juu, na chini ya yote kuna shimo lenye boila ya gesi. Kila chumba kina rejeta yake ya chuma, yale madude mazito yenye mbavu na miguu minne, yamepakwa rangi ya fedha mpaka nakshi zimejaa. Boila inachemsha maji, pampu inayasukuma, yanapita kwenye rejeta yanarudi. Hakuna feni, hakuna kelele.

Baridi ya kwanza tulitaabika. Chini tunakaa na fulana, juu tunalala na makoti. Nikaita fundi. Akazunguka dakika ishirini, hakugusa kitu hata kimoja, akasema hizi rejeta zimemaliza umri wake, zina miaka mia. Zing'olewe zote, tuwekewe yale mabomba ya shaba yenye mapezi ya alumini yanayolala chini kando ya ukuta. Dola elfu 19 na ushee. Nikaomba wiki mbili za kufikiri, ukweli ni kwamba nilikuwa nahesabu mkopo.

Ndani ya wiki hizo mbili mama akaja kutoka Pangani. Mnajua mtu wa Pangani akikutana na Novemba ya huku anakuwaje. Siku ya pili tu alishahamisha kiti karibu na rejeta ya jikoni, anasema jiko lenu hili halina moto lakini linaunguza. Akaanza kuumulia unga wa maandazi juu yake. Unaumuka vizuri ajabu, nusu saa beseni limejaa. Asubuhi moja, ili asishuke ngazi, akauweka juu ya rejeta ya chumbani kwake ghorofani. Saa nzima, unga umelala kama ulivyokandwa. Akaniita: "Njoo ushike hapa. Huku chini moto, huku juu baridi kama maiti."

Nikashika. Kweli. Nusu ya chini ina uvuguvugu, nusu ya juu barafu. Nikaenda kushika zote za ghorofani, hadithi ni hiyo hiyo.

Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu mkopo nikaanza kusoma. Naendelea baadaye, naingia zamu.

#2 Tumbili Mstaafu

Mkuu, samahani, rejeta ya NYUMBA? Mimi najua ya Fuso.

#3 Fundi Gerezani

Tumbili, ni kitu kile kile, tofauti rejeta ya gari inatupa joto ili injini ipone, hiyo ya mkuu inatupa joto ili mtu apone.

Mkuu, kabla hujaendelea nibashiri: una upepo kwenye mfumo. Nusu ya juu baridi, nusu ya chini moto, hiyo hata kwenye gari ni upepo. Kwenye gari tunatoa upepo.

#4 Nyota ya St. Paul

Niko Minnesota, nimekaa mkao wa kula. Swali kwanza: rejeta zako zina bomba moja au mawili? Wengi wanachanganya. Mimi nyumba ya kwanza niliyopanga ilikuwa ya mvuke, bomba moja tu linaingia, na ubavuni kuna kidude kinachofanya ssss usiku kucha. Ile haina upepo wa kutoa kwa ufunguo, kile kidude ndicho kinachotoa chenyewe. Mtu mwenye mvuke akisoma ushauri wa maji akaenda kuweka vali za kubana nusu, atasikia nyundo ukutani mpaka asubuhi.

#5 Kijana wa Pangani

Nyota, mabomba mawili, na ubavuni juu kuna tundu dogo la ufunguo. Ni maji.

Fundi Gerezani amebashiri sawa ila si yote. Nilinunua ufunguo (bei ya soda), nikapanda juu, nikafungua. Nilitarajia upepo utoke ukipiga mluzi kisha maji. Kimya. Nikaweka kipande cha karatasi ya chooni mbele ya tundu nione kama inapepea. Karatasi IKAVUTWA NDANI. Rejeta inavuta pumzi badala ya kutoa. Nilifunga haraka.

Nikashuka kwenye boila kuangalia geji. Psi 8 (psi ndiyo kipimo cha presha huku).

Hesabu yake rahisi sana, na nyumba nzima ilikuwa imekwama hapa. Psi moja inainua maji futi 2.31. Psi 8 inafikisha maji futi 18 na nusu. Nikapima kwa tepu kutoka kwenye geji mpaka kichwa cha rejeta ya juu kabisa: futi 20. Kwa hiyo maji hayafiki. Yanaishia tumboni mwa rejeta, juu yake upepo, na ukifungua tundu mfumo unavuta hewa ya chumbani. Kwa futi 20 unahitaji kama psi 9 za kufika tu, kisha uongeze 3 au 4 ili kule juu kuwe na msukumo. Nyumba nyingi za ghorofa moja juu wanaweka 12 ikiwa baridi. Mimi nimeweka 15.

Mtu wa elfu 19 alipita mbele ya geji hiyo mara mbili.

#6 Tumbili Mstaafu

Kwa hiyo unga wa maandazi ndio fundi. Mpe mama shikamoo zangu.

#7 Fundi Gerezani

Sasa swali la fundi: kwa nini ilikuwa 8? Maji hayapungui yenyewe. Ukijaza ukaondoka bila kujua yanapokwenda, mwezi ujao unajaza tena. Na maji mapya yanakuja na hewa, hewa inakula chuma. Nimeona magari mengi hapa, mtu anaongeza maji ya bomba kila asubuhi, rejeta inakuwa supu ya kutu. Mfumo uliofungwa ukishatulia, maji yake hata yakiwa meusi ni rafiki, yamekwisha nguvu ya kula chuma.

#8 Kijana wa Pangani

Mkuu, ungekuwa karibu ningekununulia soda. Ndicho kilichotokea: nilijaza 15, ghorofani pakawaka siku nne, halafu nikarudi kukuta 9.

Chini ya vali ya usalama ya boila kulikuwa na ndoo. Mwenye nyumba wa zamani aliiacha, nikadhani ni ndoo ya kawaida. Kumbe ilikuwa na kazi. Maji yakipata moto yanatanuka, na lazima yapate pa kwenda. Kuna tangi dogo, kama mtungi mdogo wa gesi, lina mpira katikati: upande huu maji, upande huu upepo. Maji yakitanuka yanasukuma mpira. Mpira wa tangi langu ulishapasuka, tangi zima limejaa maji, hakuna pa kutanukia, kwa hiyo kila boila inapowaka presha inaruka mpaka 30, vali ya usalama inatema kwenye ndoo. Ikipoa, presha inakuwa chini kuliko ilivyoanza. Na bomba la kujaza maji lenyewe lilikuwa limefungwa, nadhani alichoka kumwaga ndoo.

Namna ya kujua tangi limekufa: kule chini lina kipini kama cha tairi la baiskeli. Bonyeza. Ukitoka upepo, lina uhai. Mimi yalinirukia maji usoni, meusi.

Tangi jipya halikufika dola 60. Kabla ya kulifunga nililijaza upepo kwa pampu ya baiskeli ya mwanangu, nikaweka sawa na presha ya mfumo ukiwa baridi, yaani 15. Hilo lifanywe tangi likiwa bado mkononi, ukishalifunga kwenye maji geji inakudanganya.

Baada ya hapo nikatoa upepo: kwanza rejeta za chini, kisha za juu, pampu ikiwa imezimwa, kikombe mkononi. Mluzi mrefu, kutema, kisha uzi mwembamba wa maji. Ya chumbani kwa mama ilipiga mluzi karibu dakika mbili nzima, mama kasimama pale na kanga begani anasema "bado, bado".

#9 Bi Mkubwa Leicester

Asanteni kwa uzi. Ila nipinge kidogo, watu wasitoke hapa wakidhani rejeta za zamani zote ni dhahabu.

Mimi niko Leicester, nyumba ya miaka ya 1930, na rejeta zangu hazikuwa hizo za chuma kinene. Zilikuwa za bati, zile bapa, bamba moja, za miaka ya 1970. Hizo zinaoza. Chini kabisa tope jeusi linakaa, linakula bati kutoka ndani, siku moja unaona tone kwenye zulia, unagusa kwa kidole, kidole kinapita. Mimi ilipita saa tano usiku. Na dalili ya tope ni kinyume cha ile ya mama yenu: juu moto, chini katikati baridi.

Tena tuliweka pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuna joto la nje na kulileta ndani) badala ya boila ya gesi, na hapo ukubwa ndio kila kitu. Rejeta za huku zinauzwa kwa kipimo cha maji kuzidi chumba kwa nyuzi 50 za Selsiasi, mfano maji wastani 70, chumba 20. Pampu ya joto haipendi maji ya 70. Ukiyashusha yawe nyuzi 50 tu, yanazidi chumba kwa 30, na rejeta iliyoandikwa wati 1,000 inakupa kama 515. Nusu! Kwa hiyo tulibadilisha saba kati ya tisa, tukaweka bamba mbili zenye safu mbili za mapezi katikati, wanaziita 22. Upana ule ule, unene umeongezeka, mabomba hayakusogea sana. Serikali huku ina ruzuku ya pauni 7,500 kwa England na Wales kwa anayetoa boila na kuweka pampu ya joto, bila hiyo tusingeweza.

Kwa hiyo kaka, kwako kutobadilisha ni sawa. Kwangu kungekuwa ujinga.

#10 Kijana wa Pangani

Dada Bi Mkubwa, hatupingani. Hoja yangu ni kwamba usikubali kung'oa kabla hujapiga hesabu, na wewe ulipiga.

Hesabu ya chuma kinene niiweke hapa kwa sababu niliisaka sana. Wamarekani wa zamani walipima rejeta kwa futi za mraba za joto. Unahesabu mirija kwa upande, unapima urefu wa kwenda juu, unahesabu mbavu. Ya chumbani kwa mama ni mirija 5, inchi 26, kila ubavu ni futi 3.5. Mbavu 10, kwa hiyo 35. Maji yakiwa wastani wa nyuzi 170 za Fahrenheit (77 za kwetu), kila futi moja inatoa BTU 150 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto cha huku). 35 mara 150 ni 5,250.

Sasa chumba chenyewe kinahitaji nini? Nilipima kuta, madirisha, dari, nikaweka baridi ya usiku mbaya wa hapa, nikapata kama 3,400. Rejeta ni kubwa kuliko chumba! Si ajabu, ilipowekwa nyumba ilikuwa haina sufi ya kuzuia baridi kwenye dari, madirisha yalikuwa kioo kimoja. Leo dari ina sufi na madirisha ni mapya, rejeta ni ile ile.

Na ukubwa huo ndio mtaji. Kila ukishusha maji nyuzi 10 za Fahrenheit, futi moja inapoteza BTU 20. Kwa maji ya 150 bado napata 3,850 chumbani kwa mama. Boila za kisasa zinazovuna joto la moshi zinavuna vizuri pale maji yanaporudi chini ya nyuzi 130 hivi, na chuma kikubwa kinaruhusu hivyo siku nyingi za mwaka. Yale mabomba ya mapezi ya mtu wa elfu 19 yanataka maji ya moto sana ndiyo yafanye kazi. Ningelipa ili nirudi nyuma.

#11 Nyota ya St. Paul

Kichwa cha uzi kinasema umeng'oa mbili. Tunasubiri.

#12 Kijana wa Pangani

Nakuja.

Ya kwanza ilikuwa kwenye baraza ya mbele iliyozibwa vioo. Ilipasuka kabla sisi hatujanunua: nyumba ilikaa tupu baridi moja, maji yakaganda. Maji yakiganda yanaongezeka kama asilimia 9, na chuma cha kumimina hakijui kutanuka, kinajua kupasuka. Ufa ulikuwa wa kiganja kizima kwenye ubavu wa mwisho. Mtu aliupaka gundi ya chuma kisha rangi ya fedha juu, hatukuona. Presha ilipopanda kutoka 8 kwenda 15, gundi ikaachia. Nilikuta dimbwi.

Ya pili ni ya bafuni juu. Hiyo inavuja kati ya ubavu na ubavu, pale kwenye kiungo cha ndani. Inawezekana kuzitenganisha na kuweka viungo vipya, lakini zimeshikana karne nzima, nilijaribu siku mbili nikaacha.

Kazi yenyewe. Zima boila, acha ipoe, funga maji ya kuingia, unganisha mpira kwenye bomba la chini, mwaga nje, ukifungua matundu ya upepo juu ili yashuke. Maji yalitoka kama wino wa pweza.

Kisha yunioni, ile nati kubwa ya shaba nyeupe kati ya vali na rejeta. HAPA NDIPO PESA INAPOPOTELEA. Spana mbili, moja inashika vali isizunguke, nyingine inafungua nati. Ukitumia moja ukavuta kwa hasira, unazungusha bomba linalopanda ndani ya ukuta, na likivunjika huko unavunja plasta ya chumba cha chini kulitafuta. Nilipaka mafuta ya kulegeza kutu jioni tatu mfululizo. Upande wa vali ukakubali. Upande wa kurudi ukagoma, nikaikata nati kwa msumeno wa chuma kwa mshazari, taratibu, nikisimama kila nikiona vumbi la rangi tofauti, maana chini yake kuna meno ya bomba ambayo hutaki kuyagusa.

La baraza lilikuwa na mbavu 12, nadhani karibu kilo mia. Jirani yangu Mghana alikuja na kitoroli. Hatukulipasulia ndani. Nyumba yoyote ya kabla ya 1978 huku ihesabu rangi yake ina madini ya risasi, na rejeta zilipakwa mara nyingi. Tulilitoa uani, turubai chini, blanketi kuukuu juu, barakoa, miwani, nyundo kubwa. Chuma cha kumimina hakipindi, pigo la tatu kinalia kama kengele iliyopasuka kisha kinaachia. Vipande vikaenda kwa mtu wa skrepa.

Chini yake kulikuwa na pini za nywele na karata moja, saba ya kopa. Ubao wa sakafu pale una rangi ya asali, kwingine kote umekuwa kahawia.

#13 Tumbili Mstaafu

Saba ya kopa umeitunza?

#14 Kijana wa Pangani

Iko kwenye friji kwa sumaku.

#15 Fundi Gerezani

Badala yake umeweka nini? Na kama ni ya skrepa, ulipimaje kama haivuji? Usiniambie ulijaza upepo wa kompresa. Chuma hicho kikipasuka kwa upepo kinarusha vipande kama bomu. Jaribu kwa maji, siku zote kwa maji.

#16 Kijana wa Pangani

Kwa maji mkuu. Baraza nimeweka ya chuma ile ile, nimeipata kwenye uwanja wa vifaa vya nyumba zilizobomolewa, dola 150. Nilikwenda na vipimo vitatu kwenye karatasi: kutoka katikati ya bomba la kuingia hadi katikati ya bomba la kurudi, kimo cha tundu kutoka sakafuni, na kina kutoka ukutani. Niliyoipata ilikuwa fupi kwa inchi moja na nusu. Kipande cha bomba chenye meno pande zote mbili kilimaliza tatizo. Ingekuwa ndefu zaidi ndiyo shida, huwezi kusogeza bomba linalotoka sakafuni.

Gerejini niliiziba rejeta hiyo upande mmoja, upande wa pili mpira wa bustani na geji, nikaipandisha mpaka 30, nikafunga, nikaiacha usiku kucha juu ya magazeti makavu. Asubuhi magazeti makavu, geji ile ile. Kisha nikaisuuza mpaka maji yakatoka meupe, ilinichukua mchana mzima. Rangi ya fedha nimeitoa kwa dawa ya kulainisha, si kwa msasa, kwa sababu ya vumbi la risasi. Nikapaka rangi ya kawaida. Rangi ya metali inapunguza kidogo joto linalotoka, rangi nyingine yoyote ni sawa, hata nyeupe.

Bafuni nimeweka ya bati, bamba mbili, ya kuning'inia ukutani. Ile ya zamani ilikuwa inakula nafasi, mlango haufunguki wote.

#17 Nyota ya St. Paul

Hapo nakukamata. Kila mahali wanasema usichanganye chuma kinene na vitu vyepesi kwenye mzunguko mmoja. Chuma kinabaki na moto saa nzima baada ya boila kuzima, chepesi kinapoa dakika kumi. Themostati (kile kidude kinachopima joto la chumba na kuamuru boila iwake au izime) ikiwa sebuleni kwenye chuma, bafu litakuwa baridi wakati boila imelala.

#18 Kijana wa Pangani

Umenikamata kweli. Bafu linapoa kwanza, sitakataa. Nimelipunguza makali kwa njia mbili: nimechagua ya ukubwa wa juu kidogo, na nimeweka vali inayojipima yenyewe ili lisizidi moto wakati wengine wanapasha. Tena nimeshusha joto la maji, kwa hiyo boila inakaa imewaka muda mrefu zaidi kwa moto mdogo, vipindi vya kulala vimekuwa vifupi. Kwa bafu naishi nalo. Chumba cha kulala nisingethubutu. Na yale mabomba ya mapezi ndiyo mabaya zaidi kwa mchanganyiko huo, hayana maji ya kutosha kushika joto hata kidogo.

#19 Bi Mkubwa Leicester

Na kemikali ya kuzuia kutu umeweka? Huku fundi hamalizi bila kuitia, na sumaku ya kunasa tope kabla ya boila. Halafu gesi nani aliigusa? Huku ni lazima awe na kitambulisho cha Gas Safe (orodha rasmi ya mafundi wa gesi), bila hicho hata bima inaweza kuleta maneno.

#20 Kijana wa Pangani

Gesi sikuigusa dada, hapa Massachusetts kazi ya gesi ni ya fundi mwenye leseni. Nilimwita mwingine (si yule) akapima moto wa boila, akasafisha, akashusha joto la maji. Ndiye aliyenionya pia kwamba mabomba ya chini yaliyofungwa kwa kitu cheupe kama plasta yanaweza kuwa na asbesto (madini ambayo vumbi lake linadhuru mapafu), nisiyakwaruze wala kuyavua. Yako vile vile, mazima, nimeyaacha.

Kemikali ndiyo nimetia. Na mabomba mapya mafupi ya plastiki niliyotumia bafuni ni yale yenye ngozi ya kuzuia hewa. Ya kawaida ya maji ya kunywa yanapitisha oksijeni kidogo kidogo ukutani mwake, na hapo ile hotuba ya Fundi Gerezani kuhusu supu ya kutu inarudi.

#21 Fundi Gerezani

Ahsante kwa kunitaja. Mimi sijawahi kuona theluji.

#22 Msomaji wa Kimya

Kwa Tumbili aliyeuliza: rejeta ya nyumba imetangulia ya gari. Franz San Galli, mfanyabiashara aliyezaliwa Prussia akaishi St. Petersburg, ndiye anayetajwa kuibuni miaka ya 1850. Fuso bado sana.

#23 Tumbili Mstaafu

Nimekubali. Nimejifunza kitu nisichokihitaji kabisa hapa Mbagala na joto hili.

#24 Nyota ya St. Paul

Kaka, jumla imekula ngapi? Na imeshikilia?

#25 Kijana wa Pangani

Tangi, rejeta ya baraza, ya bafu, vali, kemikali, fundi wa gesi, na vifaa nilivyonunua ambavyo sasa jirani anaviazima: haikufika dola 2,100. Wikiendi zangu sizihesabu.

Imeshikilia Januari yote, geji 15 ikiwa baridi, 19 au 20 ikiwa moto, ndoo kavu. Kitu kimoja: wiki ya kwanza yunioni ya baraza ilitoa tone moja kila saa kadhaa. Niliona alama ya maji kwenye ubao. Sikuifungua, nilishika vali kwa spana moja, nati nikaikaza robo mzunguko kwa nyingine, nikaweka karatasi ya chooni chini yake. Nimetoka kuitazama sasa hivi. Kavu. Mama yuko juu, ameshaweka beseni.